Shemeji na Msumeno wa Mota

Shemeji yangu alikuja Obunga amebeba koti. Anayeijua Kisumu ataelewa kwa nini nililitazama koti kabla sijamtazama mwenyewe. Katika mji huu jua likishatoka hata mbwa hutafuta kivuli cha mtaro, halafu mtu mzima anakuja na koti zito jeusi mkononi, la kuvalia mazishini. Na mazishi yalikuwa yameshapita. Mume wangu, kaka yake, tulikuwa tumeshamzika kwao Usenge, viti vya kukodi vimerudi kwa wenyewe na sufuria zimeoshwa. Sasa koti la nini?

Mimi si mzaliwa wa ziwani. Nilitoka upande wa Vihiga nikaolewa huku, na katika ndoa nilijifunza kula omena, dagaa wa ziwani, na vichwa vyake, na kusikia Kijaluo zaidi ya wanavyodhani wenyewe. Nilijifunza pia habari ya koti. Mume akifa, ndugu yake anaweza kumrithi mjane. Siku hizi kanisa linakemea na watu wanaogopa magonjwa, kwa hiyo wengine hawalali ndani ya nyumba ile. Huleta koti tu, likatundikwa ukutani kwa mjane. Koti likishalala humo, mjane ana mwenyewe, na alicho nacho mjane nacho kina mwenyewe.

Nilichokuwa nacho ni karakana. Ni mabati tu kando ya barabara, lakini ndiyo iliyowasomesha wanangu. Tulitengeneza mageti ya nyumba za matajiri wa Milimani, madirisha ya majirani, nanga za mashua, fremu za kuanikia omena. Mume wangu alichomelea. Mimi nilipima, nikapaka rangi, nikazungumza na wateja wagumu, na hekso ya mkono, msumeno wa kukatia chuma, niliisukuma sawasawa na mwanamume yeyote. Baada ya mazishi, kwenye kikao cha familia, baba mdogo wa mume wangu alisema kwa Kijaluo kwamba karakana haiwezi kuachiwa mwanamke. Ama itafutiwe mtu, ama ifungwe na vyombo viletwe nyumbani. Alilisema hilo huku akinitabasamia, akidhani sisikii.

Kwa hiyo shemeji alipofika nilisimama mlangoni pa nyumba nikaujaza mlango wote.

"Karibu, shemeji," nilimwambia, bila kusogea.

Hakuomba kuingia. Alisema atalala karakanani, juu ya maboksi. Hilo nalo nikalishuku. Karakana ndiyo waliyoitaka. Mimi nilikuwa nyongeza, kama kile kipande cha mfupa anachokutupia mwenye bucha juu ya kilo yako.

Nyuma yake mkokoteni ulikuwa umesimama na kitu kikubwa chini ya turubai.

"Ni hekso ya mota, shem," alisema. "Ile karakana nilikuwa nafanya kazi town ilifungwa, wakauza vitu yote. Hii nikasema iende kwa ndugu yangu."

Kwa ndugu yake. Ndugu yake alikuwa chini ya udongo. Niliyasikia maneno hayo nikayaweka.

Mashine yenyewe ilikuwa kongwe, rangi imebanduka, lakini ilikuwa mashine kwelikweli. Ina vaisi ya kubana chuma, na juu yake mkono wa msumeno unaokwenda na kurudi kwa nguvu ya mota. Shafti nene ya kinu cha kusagia mahindi, ambayo kwa hekso ya mkono hukuchosha hadi mabega yanalia, hiyo huikata wewe umesimama pembeni. Nilijua mara moja inaweza kutuinua. Ndiyo maana niliogopa. Mtu hamletei mjane kitu kikubwa hivyo bure.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilichukua mwenyewe kabla hajanywa chai. Alifagia kona nzima, akaweka pima maji sakafuni, akatikisa kichwa, akachanganya saruji na kusawazisha. Kisha akaifunga mashine pale kwa boliti. Nilisimama na kikombe mkononi nikitazama kila boliti ikikazwa. Kitu kilichofungwa kwa boliti kwenye saruji hakina mpango wa kuondoka.

"Ni lazima ifungwe?" niliuliza.

"Lazima. Hii ikiwa na kazi inatetemeka. Isipofungwa itatembea, na itatembea na mguu ya mtu."

Umeme hakutaka kuutoa kwenye ule waya wetu wa kuning'inia, ambao mume wangu aliutumia kwa kila kitu. Alivuta waya mpya, akaweka na ule wa kwenda ardhini, akisema mashine ya chuma inayotiwa maji bila waya huo ni jeneza. Akafunga swichi ukutani. Aliifunga chini, usawa wa kifua changu, na yeye ni mrefu, inambidi ainame kidogo kuifikia. Nilidhani amekosea kipimo. Nikafurahi kimoyomoyo kwamba naye hukosea.

Alitengeneza pia kifuniko cha bati kufunika mkanda wa mota. Mvua ilipokuja na paa letu likavuja pale pale juu ya mota, alilitoa koti lake jeusi akaifunika. Nililitazama koti lile likiloa mafuta na maji nikasema moyoni, huyu ana akili kuliko nilivyodhani. Anataka nilizoee.

Halafu kukawa na simu. Alikuwa akizungumza nyuma ya karakana, na mimi nilikuwa ndani nikipiga brashi geti, mabati yametutenganisha. Kwa Kijaluo alisema, "Bado. Hajakuwa tayari. Mnipe muda, msije sasa." Brashi ilinisimama mkononi. Hajakuwa tayari kwa lipi? Na akina nani waliokuwa wanataka kuja? Aliporudi ndani alinikuta napaka rangi kwa nguvu hadi geti likatiririka.

Asubuhi iliyofuata alinipa ovaroli. Ilikuwa mpya, ya bluu, na ilinitosha. Nani alimwambia kipimo changu?

"Leo utaanza, shem," alisema. "Lakini si na leso kiunoni. Leso ikishikwa na hii kitu, inakuvuta na wewe ndani. Nywele funga. Glavu usivae ukikaribia inapotembea, hiyo pia inashikwa. Miwani vaa." Kisha akatazama mkono wangu wa kushoto. "Na hiyo pete utoe."

Damu ilinipanda kichwani. Pete ile nilivishwa mbele ya madhabahu. Aliyenivisha hajaoza kaburini, na ndugu yake ananiambia niitoe.

"Pete haitoki," nilisema.

"Basi mimi siwashi."

"Usiwashe."

Alivuta kiti, akaketi, akaanza kusafisha brashi ya waya kana kwamba ana siku nzima. Hakunibembeleza, hakunieleza, hakuinua macho. Wateja walipita wakaona mashine imelala na sisi wawili tumenuna. Mwisho nilikwenda nyumbani, nikafunga mlango, nikaitoa kwa sabuni, kwa sababu kwa kweli haikuwa inatoka, nikaifungia kabatini, ufunguo nikautia kwenye mfuko wa ovaroli. Nilirudi nikiwa na hasira ya kutosha kukata chuma kwa meno yangu.

Aliwasha. Kwanza alinionyesha msumeno ukiwa umeinuliwa juu ya chuma, haugusi. Mashine ianze kutembea kwanza, halafu ndipo unaushusha polepole. Ukianza bledi, ule wembe wenye meno, ikiwa imelalia chuma, meno yanang'oka mara moja. Akanionyesha kubana chuma kwenye vaisi mpaka kisicheze, na kukiwekea kiguzo cha chuma cha kukishikilia kikiwa kirefu, kisije kikaangukia vidole vya miguu. Meno makubwa kwa chuma kinene, meno madogo kwa bomba jembamba. Maji ya kupoza, meupe kama maziwa, yasikatike. Vumbi la chuma halifagiliwi kwa mkono, na halifagiliwi mashine ikitembea.

"Na bledi mpya," alisema, "usiiingize kwa njia ya bledi ya zamani. Ile ya zamani imeisha upana, njia yake ni nyembamba. Mpya itakwama, ivunjike. Unageuza chuma, unaanza upande mwingine."

Nilimtazama usoni. Nilisubiri nione kama anatabasamu. Kwetu watu hawasemi posa waziwazi, wanazungukazunguka kwanza na ng'ombe na mvua. Lakini yeye alikuwa ameshainama anafuta maji.

Jumamosi aliniambia anakwenda Usenge, atarudi Jumapili baada ya kanisa. Kabla ya kuondoka aliichomoa bledi kwenye mashine akaiweka mezani, akazima swichi kuu. "Nisipokuwa, isiguswe," alisema. Hapo ndipo nilipothibitisha. Mashine iko kwangu, kwenye saruji yangu, inakula tokeni zangu za stima, na mimi mwenyewe siruhusiwi kuigusa asipokuwepo bwana mkubwa. Mtu akikufanya umhitaji, ameshakumiliki, hana haja ya koti.

Mwenye kinu kimoja alikuwa ameleta shafti tangu Ijumaa. Nilivaa ovaroli. Niliifunga bledi mwenyewe, nikaikaza kama nilivyokaza hekso maisha yangu yote, meno yakitazama mbele. Nilibana shafti, nikafungua maji, nikawasha, nikaushusha msumeno polepole kama mwanafunzi mwema.

Haukukata. Ulilia. Mkono ulikwenda na kurudi, na shafti ikapata mng'aro tu, kama kiatu cha askari, hakuna njia iliyoingia. Moshi ukaanza kupanda kwenye yale maji meupe. Nikasema, kumbe. Ametegua kitu. Ameondoa kitu akaenda nacho Usenge ili nikishindwa nimpigie magoti. Kwa ghadhabu nikaweka kiganja juu ya mkono wa msumeno nikaukandamiza.

Bledi ilivunjika kwa kishindo. Kipande kilinipita karibu na sikio kikagonga mabati nyuma yangu. Nilipiga swichi kwa ngumi, na swichi ilikuwa pale pale kifuani pangu, sikuhitaji kuitafuta. Kisha nikaketi sakafuni kwenye maji. Niliwafikiria wanangu. Baba yao amezikwa juzi, na mama yao naye karibu afe kwa ubishi.

Shemeji aliporudi nilikuwa mlangoni na vipande viwili.

"Ulitaka inikate?" nilimwuliza. "Sema ukweli. Uliiharibu kabla hujaenda."

Aliushika mkono wangu akaugeuza, akaangalia wa pili, akanitazama uso upande huu na upande huu. "Umeumia?"

"Sijaumia. Jibu swali."

Akachukua vipande, akavitazama kwenye mwanga. "Meno uliangalisha wapi?"

"Mbele. Yaangalie wapi tena?"

Akacheka. Mara ya kwanza tangu tumzike ndugu yake nilimsikia akicheka, na kilikuwa kicheko cha marehemu kabisa, nikageuza uso. "Shem, hekso ya mkono inauma ikienda. Hii inauma ikirudi. Meno yanaangalia mota. Fundi wote wa jua kali hapa Kisumu wakipewa hii mashine wanaanza hivyo, sababu mkono umezoea kusukuma. Hata mimi nilivunja. Na ndiyo nikatoa bledi, ili mtu asiwashe peke yake kabla ajue."

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa zuri mno, na mimi majibu mazuri hunitia wasiwasi. Lakini bledi mpya alinipa mimi niifunge, swichi kuu ikiwa imezimwa, na safari hii meno yalitazama mota, na shafti ile ikakatika nyororo kama muwa. Nilitamani kuruka. Nilijizuia kwa sababu alikuwa ananitazama.

Tangu hapo alikuwa anakaa mbali. Alileta kiti chake hadi mlangoni, akakaa na mgongo kwangu, akawa anasikiliza tu. Mashine ikilia vibaya aliinua kidole bila kugeuka, nami nilijua nipunguze. Nilidhani amechoka na kazi. Nilidhani anasubiri wale wa kwenye simu. Nikawa nahesabu vyombo kila jioni.

Siku moja asubuhi nikakuta karakana imefungwa vizuri na yeye hayupo. Ufunguo ulikuwa umepitishwa chini ya mlango wa nyumba yangu. Maboksi yake yalikuwa yamekunjwa, na koti lake halipo. Nilikagua kila kitu: bledi, spana, nyaya, hadi misumari. Hakuna kilichopungua. Mtu anaondoka bila kuaga na hajabeba chochote changu? Nikasema huyu ametengeneza ufunguo wa pili. Nikanunua kufuli mpya siku hiyo hiyo, kubwa, na bado nasema mjane yeyote mwenye akili angeinunua.

Haukupita muda wakaja. Nilikuwa na chuma kwenye vaisi, msumeno umeshaingia nusu, nilipoona kivuli mlangoni. Alikuwa ni yule baba mdogo wa mume wangu, na nyuma yake mama mkwe, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Mzee aliniita nje.

"Samahani Mzee, nisubirini kidogo," nilisema. "Ikiwa inakata haiachwi peke yake."

Walisubiri. Mzee alisimama akiutazama mkono wa msumeno ukienda na kurudi. Kipande kilipoanguka na mashine kujizima, nilifuta mikono nikawasalimia.

"Nani anaendesha hii?" aliuliza.

"Ni mimi, Mzee."

Alikohoa. Alisema kwa Kiswahili, polepole, ili nisije nikadai sikuelewa. "Mama, tumekuja na swali moja tu. Kijana yetu tulimtuma hapa na koti. Sisi ndio tulimtuma, hatufichi. Amerudi, anasema alikuomba, ukakataa. Akaomba tena, ukachukua koti ukatupa kwa barabara, watu wakiona. Sasa mimi nakuuliza mbele ya mama yake. Ni ukweli ama ni uongo?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa karibu kusema hajaniomba kitu maishani mwake isipokuwa kutoa pete karibu na mashine.

"Kama ni uongo," mzee aliendelea, "amekwepa kazi ya familia, na leo hii tunamrudisha, tunatundika sisi wenyewe. Kama ni ukweli, basi. Mwanamume akiaibishwa hivyo hatuwezi kumrudisha kwa huo mlango. Na yeye ndiye alibaki. Hakuna ndugu mwingine."

Mama mkwe alinitazama. "Sema tu, nyathina," alisema. Yaani mwanangu.

Niliushika ukingo wa mashine. Kumbe ndiyo maana ya ile simu. Nilikuwa sijawa tayari, kweli, kwa sababu mashine nilikuwa bado sijaijua. Alikwenda kwao akasimama mbele ya wazee na mama yake akasema mjane amemtupia koti. Katika nchi ile mwanamume hukubali kusemwa mwizi kabla ya kusemwa hivyo. Yeye alijisema hivyo kwa mdomo wake, na wala hakuniambia, maana kwa jinsi nilivyokuwa, angeniambia ningemshuku.

"Ni ukweli, Mzee," nilisema. "Nilimkataa. Na koti nilitupa."

Mzee alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema wanawake wa siku hizi. Akazunguka karakana kwa macho, geti lililosimama, vyuma vilivyokatwa, swichi. "Tulisema hii ifungwe mpaka ipate mtu," alisema, kama anayejikumbusha.

"Ina mtu," alisema mama mkwe. Akageuka akatoka, na mzee akamfuata.

Sijawahi kumwuliza shemeji kwa nini alifanya hivyo. Labda alimpenda kaka yake. Labda ana mwanamke wake mahali na alijiokoa mwenyewe kwa mgongo wangu. Hata hilo nimelifikiria, sijageuka malaika. Asante sijampa. Nikimpa watu wataona, na watu wakiona uongo wake utavunjika, nao watarudi. Tukikutana misibani huko Usenge vijana humcheka kwa sauti, huyu ndiye mjane alimfukuza, naye huinamisha kichwa na kula chakula chake. Hunisalimia kutoka mbali, kama mtu aliyekataliwa anavyotakiwa kusalimia. Nami humwitikia kutoka mbali, uso nimeukunja, kwa sababu wanatutazama.